Huna Shida, Sindiyo?

"Aliulizwa, mama. Akasema hana shida."

Maneno hayo aliyasema Maundu, msimamizi wa zahanati ya kina mama pale Kitengela, na Mwalimu Priscilla aliyapokea kama mtu aliyetemewa mate usoni. Alikuwa ametoka Kajiado alfajiri bila kutia hata chai kinywani. Maundu aliisukuma kadi juu ya meza ili ajionee mwenyewe. Jina la binti yake lilikuwa pale, Yvonne, na chini yake safu ya alama za "La", zimenyooka kama nguzo za ua. Huzuni, la. Kulia bila sababu, la. Mawazo ya kujiumiza, la.

"Kwa hivyo unaona," Maundu akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kunawa mikono, "sisi kazi yetu tulifanya."

Yvonne alikuwa mtoto wa pekee wa Priscilla. Aliolewa na Njogu, kijana wa Kikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Noonkopir hapo Kitengela, wakapata binti, wakampa jina la nyanya yake mzaa baba, Wangui, na nyumba nzima ikawa inamwita Kui. Kui alikuwa bado hajakaza shingo siku ile ya Ijumaa mama yake alipomlaza katikati ya kitanda, akamzungushia mito pande zote, akafunga mlango, akamkabidhi jirani ufunguo bila kusema neno. Kisha Yvonne akashika barabara ya Namanga kwa miguu, bila viatu, akielekea Isinya.

Mwanamke mmoja anayeuza vitunguu kando ya barabara ndiye aliyemwona. Alimwona amesimama karibu mno na lami, malori ya saruji yakipita yakimpeperusha nguo, naye hapepesi hata jicho. Mama yule aliacha vitunguu vyake, akaenda akamshika mkono, na hakuuachia mpaka Njogu alipofika akihema.

"Ulikuwa unaenda wapi?" Njogu alimwuliza.

"Nilikuwa natafuta mahali pa kulala," Yvonne akajibu.

Walimpeleka hospitali Kajiado, kwa kuwa Priscilla alikuwa huko na alisikia kwamba yupo muuguzi wa afya ya akili, mtu anayeitwa Leshan. Leshan alimtazama Yvonne, akawatazama waliomleta, akawaomba wote watoke nje.

Mama yake Njogu, Virginia Wangui, mwanamke wa kanisa na wa sauti, alikataa. "Mimi ndiye nimekaa na huyu msichana tangu ajifungue. Mimi ni mama yake."

"Mama yake ni mimi," Priscilla akasema.

"Nyote ni mama zake," Leshan akasema, "na nyote mtangoja nje."

Wakangoja. Walikaa benchi moja bila kuangaliana, Njogu katikati yao na mtoto kifuani. Priscilla alikasirika kuachwa nje ya jambo la mwanawe mwenyewe, na hasira hiyo haikutulia mpaka waliposikia kilio cha Yvonne kutoka ndani. Hakikuwa kilio cha mtu anayeumizwa. Kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

Jioni ile, katika nyumba ya Priscilla mjini Kajiado, Yvonne aliongea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alisema Leshan alikaa kimya kwanza, halafu akamwambia: "Wanawake wengi wakishajifungua hujiwa na mawazo ya kutisha, mengine mtu hawezi kumwambia hata bwanake. Hayo yako huja wakati gani?"

"Hakuniuliza kama yapo, yeyo," Yvonne akasema, akimwita mama yake kwa Kimaa kama alivyofanya tangu utotoni. "Aliniuliza huja wakati gani. Kama anayajua. Basi nikamwambia."

Yalikuwa yakija kila alipomwogesha mtoto. Aliona mikono yake ikimwachilia Kui ndani ya maji. Hakutaka kufanya hivyo. Aliogopa tu kwamba mikono ingefanya bila yeye. Ndiyo maana akaizungusha ile mito, akafunga mlango, akaenda mbali. Alikuwa akimkinga mwanawe na yeye mwenyewe.

Priscilla alimsogelea Yvonne. "Na kule kliniki Kitengela? Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Walikuuliza nini?"

Yvonne alifikiri kidogo. "Waliniuliza kama sina shida, mama yake Njogu akiwa kando. Nikasema sina. Si ndivyo walivyotaka?"

"Na huzuni?"

"Huzuni ni ya matanga, yeyo. Mimi sikuwa nimefiwa. Hata machozi sikuwa nayo, nilikuwa nimekauka tu kama ngozi iliyoanikwa. Na kujiumiza sikuwa nafikiria. Nilikuwa nafikiria kulala nisiamshwe. Hilo halikuwa kwa maswali yao."

Ndiyo sababu Jumatatu asubuhi Priscilla alikuwa mbele ya meza ya Maundu, kadi mkononi, damu ikimchemka. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Maisha yake yote ametunga mitihani, na alilijua swali linalobeba jibu lake mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Wanafunzi wake akiwaona wakitunga swali kama hilo huwarudishia daftari.

"Nataka kujua mlimwuliza vipi," akasema.

"Kulingana na fomu."

"Sijauliza kulingana na nini. Nimeuliza vipi. Maneno gani yalitoka kinywani?"

Maundu akasema muuguzi yuko kazini, amngoje kwenye benchi kama wengine. Priscilla akaenda akakaa. Benchi lilikuwa limejaa kina mama na watoto wa chanjo, na kati ya benchi na chumba cha muuguzi hapakuwa na mlango, bali pazia la kitambaa ambalo halikufika sakafuni. Kila neno lililosemwa ndani lilitoka nje likiwa zima.

Mwanamke kijana aliingia na mtoto, mama mkwe wake akamfuata nyuma. Sauti ya muuguzi ikasikika, ya haraka, ya mtu aliyechoka.

"Haya mama, mtoto ananyonya vizuri? Sawa. Wewe je, uko sawa? Huna shida, sindiyo? Hulii-lii ovyo? Mtoto unampenda, ama humpendi? Na hujafikiria mambo ya kujiumiza?"

"Ndiyo," yule kijana akasema.

Kalamu ikakwaruza.

"Sawa, mwingine aingie."

Priscilla alisimama bila kujijua. Ndiyo nini? Ndiyo sijafikiria, au ndiyo nimefikiria? Katika Kiswahili cha huku bara jibu hilo lingeweza kuwa lolote kati ya mawili, na yule muuguzi hakuinua hata macho kuuliza. Kijana akatoka, uso wake umefungwa kama dirisha la duka siku ya Jumapili, mama mkwe akimsukuma taratibu mgongoni. "Si nilikuambia ni haraka tu," mama mkwe akasema.

Priscilla akaingia kabla ya mwingine. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, macho mekundu ya usingizi. Kwenye kifua chake palikuwa na kibandiko cha jina, Tabitha.

"Huyo aliyetoka sasa hivi umemwandikia nini?" Priscilla akauliza.

"Mama, laini iko nje."

"Amekuambia ndiyo. Umeandika nini?"

"Nimeandika la. Alimaanisha hana shida."

"Nani amekuambia alimaanisha hivyo? Binti yangu pia uliandika la! Ulimwuliza mbele ya mama mkwe wake kama anampenda mtoto wake ama hampendi. Ni mwanamke gani duniani atajibu hilo? Ulimpa jibu kwa mkono wa kulia ukamwandikia kwa wa kushoto. Halafu mnasema aliulizwa! Hakuulizwa. Aliamrishwa awe mzima."

Hata watoto kule nje walionekana kusikiliza. Tabitha aliweka kalamu chini. Priscilla alitarajia aombe radhi au alie. Hakufanya hata moja.

"Nimemjua binti yako ni nani," Tabitha akasema polepole. "Na nimelala nikimfikiria tangu niambiwe. Lakini niko peke yangu hapa, mwalimu. Nipime mtoto, nichome sindano, niandike, halafu niulize mambo ya roho kwa dakika ambayo sina, mlango ambao sina. Wakati wa kutufunza waliniambia nikimaliza fomu zote ndiyo kazi nzuri. Hawakuniambia nisikize. Sasa na mimi nikuulize. Wewe ulikuwa unampigia simu, sindiyo? Ulikuwa unamwuliza aje?"

Kila jioni Priscilla alikuwa amempigia. *Takwenya*, angesema, na Yvonne angeitikia *iko*, kama inavyopasa, kwa maana salamu ya Kimaa haina jibu la pili. Halafu: Mko salama? Mtoto analala? Si uko sawa, mama? Na Yvonne: Niko sawa, yeyo. Naye angekata simu akiwa ameridhika.

Akageuka, akatoka. Njia nzima ya kurudi Kajiado alikuwa na hasira mbili, na hakujua ipi aishike kwanza. Ile ya kumchukia Tabitha ilikuwa nyepesi zaidi, lakini kila alipoikumbatia ilimponyoka.

Siku kadhaa baadaye simu yake ililia. Alikuwa Tabitha.

"Mwalimu, usikate. Huyo muuguzi wa Kajiado alimwuliza binti yako aje, mpaka akasema?"

Priscilla alimwomba Yvonne ruhusa, naye Yvonne akachukua simu na kueleza mwenyewe. Waliongea muda mrefu. Priscilla alisikia binti yake akisema, "Hapana, usianze na 'je'. Ukianza hivyo mtu anajua anaweza kutoroka."

Tabitha hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na kichwa kigumu. Alimwambia Maundu kwamba hatauliza tena kupitia pazia, na Maundu, ambaye jina la Yvonne lilikuwa bado linamwasha, akampa ufunguo wa stoo ya vyandarua. Humo Tabitha aliweka viti viwili. Mama mkwe akifuata, anaambiwa, "Shosho, tushikie mtoto kidogo hapa nje." Wengine walinuna, mmoja akaenda kumshtaki kwa mchungaji. Maswali yalibaki yale yale ya fomu, ila aliyageuza mdomoni. Wapi unapata shida zaidi, mchana au usiku? Kitu gani kinakutisha? Siku ngumu kabisa ilikuwaje? Akijibiwa ndiyo, aliuliza, ndiyo nini, mama, niambie.

Nao wakamwambia. Walimwambia habari za kuamka kila saa kusikiliza kama mtoto bado anapumua, habari za waume waliohama kitanda, za kutamani kurudi kwa mama zao. Yule kijana aliyejibu "ndiyo" siku ile Tabitha alimtafuta hadi kwake. Ilikuwa ndiyo ya kweli. Alipelekwa kwa Leshan siku hiyo hiyo.

Mtu angedhani kwamba waliokuwa juu wangefurahi. Zahanati ile iliendeshwa na shirika lililoitwa Mlezi Mwema, lenye ofisi mjini Kajiado na zahanati nyingine Kiserian na Loitokitok. Shirika lilikuwa na ripoti zake, na katika ripoti hizo Kitengela ilikuwa imesifiwa kwa kuwa na kina mama wenye afya bora ya akili kuliko kote. Sasa ghafla Kitengela ikawa mbaya kuliko zote. Kukaja wito: muuguzi afike Kajiado aeleze ni kwa nini takwimu zimeharibika.

"Zimeharibika!" Priscilla alipiga kelele aliposomewa wito huo kwenye simu. "Walipokuwa wanateseka kimya zilikuwa nzuri, sasa wamefungua kinywa, zimeharibika!"

"Utanisindikiza?" Tabitha akauliza.

"Nitatangulia."

Afisa wa shirika aliitwa Kiama. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, ameshika kalamu ya wino kana kwamba itamwagika. Aliwakaribisha, akamwuliza Priscilla yeye ni nani katika jambo hili, na Priscilla akasema yeye ni mama wa moja ya zile "La" zao nzuri za zamani.

Kiama akakohoa. "Sista Tabitha, hebu tuelewane tu. Si kweli kwamba umekuwa ukiwashawishi hawa kina mama waseme wana shida?"

Tabitha alimtazama. "Umeniuliza kama si kweli. Nikisema ndiyo, utaandika nini?"

Kiama hakuelewa, au alijifanya. "Fomu imetafsiriwa na wataalamu. Imepitishwa. Kila muuguzi akiuliza kwa njia yake hatuwezi kulinganisha zahanati moja na nyingine."

Priscilla hakuweza kuvumilia zaidi. "Unalinganisha nini? Unalinganisha nani anaficha vizuri zaidi! Fomu yenu inauliza huzuni. Nenda sokoni hapa Kajiado leo, uliza mwanamke kama ana huzuni, atakuuliza nani amekufa. Hao wataalamu walikaa na nani walipotafsiri? Walimwuliza mama yeyote aliyejifungua ni neno gani hutumia akishindwa kuamka kitandani? Na hata hayo maneno yenu mabovu mliyapeleka kwa pazia, kwa mtu mmoja, kwa laini ndefu, mama mkwe akisikiliza. Binti yangu alikuwa kando ya barabara ya Namanga na kadi yake imejaa afya!"

Sauti yake ilivunjika kwenye neno hilo la mwisho, na alichukia kwamba ilivunjika. Kiama alimsogezea bilauri ya maji. Alisema pole. Alisema maoni yake ni ya thamani na yatawasilishwa. Walipokuwa wakitoka, msichana wa mapokezi aliwapa karatasi ndogo ya kujaza, kama anavyopewa kila mgeni: *Je, umefurahia jinsi tulivyokuhudumia?* Palikuwa na kisanduku cha "Ndiyo" na kisanduku cha "Ndiyo, sana".

Priscilla aliisoma mara mbili ili awe na hakika. Kisha alicheka, kicheko kikavu kilichomfanya msichana arudi nyuma, akairarua vipande viwili na kumwekea mezani.

Kabla ya mwezi kwisha Tabitha alipewa barua ya uhamisho. Ulikuwa uhamisho wa kawaida, ilisema barua, kwa ajili ya kuimarisha huduma. Alipelekwa Loitokitok, chini ya mlima, mbali na mumewe na kanisa lake na kila alichokijua. Kitengela akaletwa msichana aliyetoka chuoni juzi, na stoo ya vyandarua ikafungwa tena. Maundu alimpigia Priscilla kumwambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ule upole. "Nilijaribu, mwalimu," akasema. "Hawakunisikiza."

Priscilla alitaka kwenda Loitokitok kumtuliza Tabitha. Tabitha alimkatalia. "Usije kunililia. Huku kuna kina mama wanaopalilia nyanya mtoto akiwa mgongoni tangu wiki ya kwanza. Nimeshaanza kuongea nao. Waambie Kajiado wangoje tu ripoti ya hapa."

Yvonne alikaa kwa mama yake mpaka mvua zilipokwisha. Alikwenda kwa Leshan kila Alhamisi, akameza dawa alizoandikiwa, na polepole akaanza kumwogesha Kui mwenyewe, kwanza Priscilla akiwa mlangoni, baadaye akiwa jikoni, mwishowe akiwa shuleni. Njogu alikuja kila Jumamosi, hana maneno, akitengeneza chochote kilicholegea katika nyumba ile: bawaba, bomba, mguu wa meza. Virginia alikuja mara moja. Alikaa kitambo na kikombe cha chai kilichopoa, kisha akasema, "Mimi nilimwambia awe na nguvu. Ndicho walichoniambia mimi pia," na Priscilla, aliyekuwa amejiandalia maneno makali tangu ile siku ya benchi, hakupata mahali pa kuyaweka.

Jioni kabla Yvonne hajarudi Kitengela, Priscilla alikuwa mezani akiandika kwa wakurugenzi wa Mlezi Mwema, watu wa juu ya Kiama, akitaka Tabitha arudishwe na maswali yaandikwe upya pamoja na kina mama wenyewe. Alikuwa amemwomba Yvonne ruhusa ya kueleza yaliyotokea. Alimpa Yvonne asome kabla ya kutuma, kama mwanafunzi anayekabidhi kazi isahihishwe.

Yvonne alisoma, Kui akivuta ncha ya karatasi. Akafika katikati akasimama.

"Yeyo, umeandika hapa, 'binti yangu alipatwa na shida kidogo baada ya kujifungua.'"

"Ndiyo."

"Kidogo?"

Priscilla aliinama kuisoma. Hakukumbuka hata kuliandika neno hilo. Lilikuja lenyewe, kwa adabu, kama yanavyokuja maneno ya namna hiyo.

"Futa," Yvonne akasema. "Futa hiyo kidogo. Andika nilitaka kufa, na nilimwogopa mtoto wangu, na hakuna mtu aliyeniuliza. Halafu weka jina langu chini, siyo lako."

Priscilla akachukua kalamu.